Uzito wa familia unaamuliwa jikoni: jinsi ya kubadili ulaji wa nyumba nzima hatua kwa hatua

Nyumba nyingi za hapa mjini, mama akiona nguo zimeanza kumbana anaanza daieti peke yake. Anajipikia mboga zake pembeni, asubuhi maji ya ndimu, usiku tango, huku sufuria kubwa la familia linaendelea vilevile, wali wa nazi, samaki wa kukaanga, chai ya sukari vijiko vitatu, Jumamosi chapati. Wiki ya pili njaa inamzidi na harufu ya vitunguu inamzidi, anarudi kwenye sufuria alafu anaanza kujilaumu eti hana msimamo. Mi nasema msimamo anao sana tu, ila hakuna mtu anayeweza kula tofauti na nyumba yake kwa miezi na miezi wakati yeye ndio anapika, anaonja na anamalizia mabaki ya watoto.

Kwa hiyo mwongozo huu hauna daieti ya mtu mmoja ndani yake, unahusu sufuria, dumu la mafuta, sahani, na saa ya kula. Nimeuandika kwa kufikiria nyumba ya kawaida ya Dar yenye baba, mama, watoto, dada wa kazi na bibi anayekuja kukaa mara kwa mara, lakini ukiwa Mombasa, Mwanza au Bujumbura utajiona humo humo.

Kabla hujaanza weka akilini kitu kimoja. Ule utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wana uzito uliozidi au unene kabisa, na utafiti huohuo ukakuta asilimia 34 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Matatizo hayo mawili yanaweza kukaa kwenye nyumba moja, mama kazidi uzito na mtoto wake kadumaa, kwa sababu wote wanashiba wanga na mafuta na wanakosa mboga, maharage, mayai, dagaa na matunda. Ndio maana hapa lengo ni kula vizuri zaidi, na wala usije ukachukua haya ukaanza kumnyima mtoto chakula. Mtoto chini ya miaka miwili usimpunguzie mafuta, anayahitaji kukua na ubongo wake unayahitaji. Na mjamzito au anayenyonyesha asijipunguze bila kuongea na kliniki.

Hatua ya 1: wiki moja ya kuangalia tu

Usibadilishe chochote. Chukua daftari la zamani la mtoto lenye kurasa zilizobaki, kila usiku andika mambo manne: leo tumekula nini, saa ngapi, nani kapakua, na nani kala na nani. Hilo la nne watu hulipuuza na ndilo linafumbua mambo mengi, nitarudi huko.

Pamoja na daftari, kuna hesabu mbili za kufanya na hazitaki mzani wala programu ya simu.

Ya kwanza ni ya mafuta. Ukifungua dumu la lita 5 andika tarehe ubavuni kwa maka peni, likiisha andika tena. Kama unanunua mafuta ya kupima, andika kila unachonunua mpaka mwezi uishe. Sasa tuseme nyumba ya watu watano wanamaliza lita 5 kwa wiki tatu, hapo kila mtu anakula kama vijiko vitatu vikubwa na kidogo kwa siku, karibu kalori 400 za mafuta ya kupikia peke yake, na hujahesabu nazi wala karanga wala chipsi za njiani. Dumu hilohilo likivushwa mpaka siku 30 kila mtu anabaki na vijiko viwili hivi, kama kalori 275. Tofauti ni zaidi ya kalori 100 kwa kila mtu kila siku, na hakuna aliyeambiwa apunguze kula. Hiyo ndio nguvu ya kushika dumu badala ya kushika mkono wa mtu.

Hapa niseme kabisa kwa sababu naulizwa sana: mafuta ya alizeti hayana kalori chache. Mafuta yote, alizeti, mawese, ya nazi, ya mgando, gramu moja ina kalori 9 hivi wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kwa moyo na mishipa alizeti ni afadhali kuliko ya mgando, hilo ni kweli, lakini kwa kitambi ukimwaga mengi ni mengi tu.

Hesabu ya pili ni ya sukari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Watu watano mara gramu 25 ni gramu 125, maana yake kilo moja ya sukari kwenye nyumba hiyo inatakiwa ifike siku 8, na hapo nimehesabu kama vile wote ni watu wazima na hakuna anayekunywa soda. Wewe yako inaisha siku ya ngapi? Andika, usimwambie mtu bado.

Hatua ya 2: pima, lakini pima kwa heshima

Mzani ukiwepo sawa, usipokuwepo tumia uzi. Kata uzi usiovutika wenye urefu sawa na wako kutoka unyayoni mpaka utosini, ukunje katikati, alafu uzungushe tumboni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga huku umepumua kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana upo vizuri, zisipokutana kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako, na mafuta ya tumboni ndiyo yanayoenda na kisukari na presha. Njia hii inafaa watu wazima, na watoto kuanzia miaka mitano nao inawafaa. Wajawazito hapana.

Mtoto usimpime mbele za watu na usitaje namba yake mezani. Na usimpigie hesabu ya BMI (kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako wa mita mara urefu) ya watu wazima, ile ya 25 na 30, mtoto ana jedwali lake linaloangalia umri na jinsia, kliniki wanalo. Na naomba sana, majina kama bonge, kibonge, tipwatipwa yaishe ndani ya nyumba hata kama yanasemwa kwa mapenzi. Mtoto anayaamini, anajificha akila, na anayekula kwa kujificha anakula haraka na anakula zaidi.

Hatua ya 3: kikao cha nyumba, bila kumnyooshea mtu kidole

Kaeni wote, na dada wa kazi awepo. Usiseme "tunabadili chakula kwa sababu ya Neema kanenepa". Sema nyumba nzima inabadilisha kwa sababu ya afya ya wote, basi. Mwembamba na mnene wanakula kimoja. Baba ambaye hana kitambi anaweza kuwa na presha na hajui, kwa hiyo hakuna wa kusema mimi hayanihusu.

Kwenye kikao hiki kuna mtu atasema "sisi ni ukoo wetu, hata bibi alikuwa hivi". Usimkatalie, kuna ukweli. Mwaka 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha utafiti wa watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, wakakuta miili ya watu hao wakishakuwa wakubwa inaelekea kufanana na ya wazazi waliowazaa kuliko waliowalea. Damu ina neno lake. Lakini damu ya Watanzania haijabadilika ndani ya miaka thelathini na viuno vimebadilika, maana yake ukoo unakupa mwili unaohifadhi mafuta kirahisi, alafu jiko linaamua litaupa mafuta kiasi gani.

Na ulaji unaambukizana kati ya watu wazima. Mwaka 2007 Nicholas Christakis na James Fowler walichambua kumbukumbu za watu 12,067 wa mji wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa kuanzia 1971 mpaka 2003. Ndugu wa mtu akinenepa sana, uwezekano wa yeye naye kunenepa uliongezeka kwa asilimia 40, mume au mke ilikuwa 37, na rafiki 57. Wataalam wengine wamebishana nao kuhusu sababu, kwamba pengine watu wanaofanana ndio wanaokaa pamoja, sawa, ila mtu yeyote aliyeoa au kuolewa anajua jinsi sahani mbili zinavyofanana baada ya muda. Tumia jambo hilohilo upande wa faida: mmoja akipunguza sukari kwenye chai na mwenzake akapunguza, wote wanadumu.

Hatua ya 4: mafuta kwanza

Anza hapa kwa sababu ndiko utaona mabadiliko mapema na watoto hawatagundua.

Dumu litoke karibu na jiko. Mimina ya wiki kwenye chupa ndogo, na kila anayepika apime kwa kijiko, asimimine kutoka kwenye dumu. Mboga ya watu watano inaungwa vizuri kabisa na vijiko vikubwa vitatu: kaanga kitunguu kwa moto wa wastani, kikianza kushika chini weka maji kidogo badala ya kuongeza mafuta, alafu nyanya, funika ziive zenyewe. Utamu wa mchuzi unatoka kwenye nyanya iliyoiva vizuri, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili hoho na ndimu mwishoni. Mafuta yanayoelea juu hayaongezi ladha ya maana.

Nazi na mafuta chagua kimoja. Kama maharage ni ya nazi usiyaunge tena kwa mafuta, na kama mboga ina nazi basi wali uwe mweupe siku hiyo. Karanga vilevile, mchicha wa karanga hauna haja ya mafuta. Samaki badilisha, leo wa kuchemsha na ndimu, kesho wa kuchoma, wa kukaanga mara moja kwa wiki. Nyama ya kuku wa kisasa toa ngozi kabla hujapika.

Chapati msiifute, mtagombana. Iwe siku yake moja, unga ukandwe kwa maji ya moto ambayo yanailainisha hata ukiweka mafuta kidogo, na kwenye kikaango paka kwa brashi au kijiko cha chai kila upande. Maandazi ya asubuhi yapunguze siku, weka mihogo ya kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, ndizi bukoba za kuchemsha, yai. Chipsi za nyumbani siku moja moja, viazi vya kuchemsha na kachumbari siku nyingine. Ukifanya hayo mwezi mmoja dumu litakwambia.

Hatua ya 5: vinywaji

Soda ya kawaida ya mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, vijiko vinane na zaidi. Yaani moja tu inamaliza kiwango cha siku cha mtu mzima na kuzidi, na mtu akishainywa hashibi, chakula kipo palepale. Chai vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu navyo vimeshafika sita.

Chai ipunguzwe nusu kijiko kila wiki, sio ghafla. Ulimi unazoea, wiki ya nne mtu akipewa chai ya zamani anaikataa mwenyewe. Kama nyumbani kwenu chai inapikwa na sukari ndani ya sufuria, acha hiyo, kila mtu aweke mwenyewe kwa kijiko ajue anaweka ngapi. Uji wa watoto piga hivyohivyo, unaweza kuponda ndizi mbivu ndani au ubuyu na sukari ikashuka bila kelele.

Juisi ya maboksi haina tofauti kubwa na soda kwenye sukari. Juisi ya nyumbani ya embe au pasheni ni nzuri ila watu wanaimwagia sukari kikombe kizima kwenye jagi, na pia glasi moja ina maembe mawili ambayo mtoto akiyala kwa meno atashiba na nyuzinyuzi zake. Matunda yaliwe, juisi iwe ya wageni. Mezani weka jagi la maji, lionekane, kila siku. Soda iwe Jumapili au sherehe, na isikae kwenye friji katikati ya wiki kwa sababu ikikaa itanyweka.

Maji ya ndimu ya asubuhi kunywa kama unayapenda, hayayeyushi mafuta ya mwili.

Hatua ya 6: nani anapakua na anapakua kiasi gani

Hapa ndipo penyewe, soma taratibu.

Watoto wadogo wanazaliwa na kipimo chao cha kushiba. Mwaka 2000 Barbara Rolls na wenzake Marekani walichapisha jaribio dogo zuri sana: waliwapa watoto wa miaka mitatu na wa miaka mitano chakula kilekile kwa sahani za kiasi tofauti. Wa miaka mitatu walikula kiasi kilekile hata chakula kilipoongezwa. Wa miaka mitano, chakula kikiongezwa nao waliongeza kula. Kati ya miaka mitatu na mitano mtoto ameshaanza kusikiliza sahani badala ya tumbo, na sisi tunamsaidia kusahau tumbo kwa ile "maliza, usiache hata punje", "ukimaliza nakupa biskuti", "wenzako wanalala njaa".

Kuna kanuni ya mtaalam wa lishe wa Marekani anaitwa Ellyn Satter ambayo ukiifuata nyumba inatulia: mzazi anaamua kitaliwa nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua atakula kiasi gani, au hata asile. Akisema nimeshiba ameshiba. Ila asirudi nusu saa baadaye kudai biskuti, jikoni pamefungwa mpaka mlo mwingine, na mlo mwingine upo saa yake kwa hiyo hatokufa njaa.

Kwa vitendo fanya hivi. Mtoto apakuliwe kidogo, akitaka aongezewe, anayeomba kuongezewa anasikiliza tumbo lake. Sahani za watoto ziwe ndogo kweli, sio hizi za kina kama bakuli la pilau. Kwenye sahani ya mtu mzima nusu iwe mboga za majani na kachumbari, robo ugali au wali au ndizi, robo maharage, samaki, dagaa, nyama au yai. Najua kwetu imekuwa kinyume, mlima wa ugali na mboga ya kusindikizia, kwa hiyo usiruke siku moja, anza kwa kuongeza fungu moja la mchicha, tembele au kisamvu kwenye pishi la kila siku, nafasi ya ugali itapungua yenyewe. Mboga na kachumbari zitangulie mezani, hotpoti la wali lije baadaye na likishapakuliwa lirudi jikoni. Likikaa mezani watu wanaongeza huku wanapiga stori.

Sembe na dona kalori zake hazipishani sana, ila dona ina nyuzinyuzi za kutosha na inakaa tumboni muda, njaa haikurudii haraka. Kama watoto hawalipendi changanya nusu kwa nusu.

Wanaokula kwenye sinia, wala usiache, kula pamoja ni kitu kizuri sana. Shida ya sinia ni mbio, kila mtu anawahi nyama asije akakosa. Gawa kitoweo kwanza kila mtu mbele yake, mboga iwe nyingi katikati, basi mbio zinaisha.

Na mama, mabaki ya watoto sio chakula chako. Vijiko vitatu vya huyu na vinne vya yule, kila mlo, ni sahani nyingine nzima kwa siku. Kama una friji weka kiporo, kama huna pika kidogo. Tumbo lako sio mahali pa kuhifadhia chakula kisiharibike.

Hatua ya 7: saa ya kula

Rudi kwenye daftari, angalia lile swali la nani kala na nani. Nyumba nyingi za Dar utakuta hivi: watoto wamekula na dada saa moja na nusu usiku, wameshiba. Baba anafika saa tatu na nusu na foleni yake, anatengewa, watoto wanamzunguka, kila mmoja anapewa tonge, nyama, tonge lingine. Na mara nyingi kaja na mfuko, chipsi au mishikaki, kwa sababu hajawaona toka asubuhi na anawapenda. Kwa hiyo watoto wanakula chakula cha usiku mara mbili kila siku alafu wanalala palepale. Hakuna mtu mbaya hapo. Ila mkae muongee: baba aje na ndizi, chungwa, parachichi, au aje na muda, dakika kumi za kucheza nao. Wikiendi mle wote mezani bila kukosa.

Asubuhi nako. Mtoto anaamka saa kumi na moja kuwahi basi la shule, hajala, saa nne ana njaa kali na ana pesa mkononi, atanunua bagia, aisikrimu, visheti na soda. Kama anaweza kula kabla ya kutoka apewe hata kikombe cha maziwa na ndizi, kama hawezi mfungie: yai, kiazi kitamu, karanga za kuchemsha, tunda, na chupa ya maji. Na pesa ya shule ipunguzwe.

Watoto wa miaka 6 mpaka 12 wanatakiwa kulala kwa muda wa saa 9 mpaka 12 kwa siku. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri inabidi awe kitandani saa mbili usiku, na asiyelala vya kutosha njaa yake kesho inakuwa ya vitu vitamu, hiyo hata mtu mzima anaijua. Tivii izimwe wakati wa kula, na mtoto mdogo usimlishe huku anaangalia katuni kwenye simu, anafungua mdomo bila kujua kama ameshiba. Michezo, Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa dakika 60 kwa siku kwa watoto wa miaka 5 mpaka 17, waachieni wacheze nje.

Hatua ya 8: dada na bibi

Anayepika na kupakua kwenye nyumba nyingi ni dada wa kazi, na ndiye anayeachwa nje ya mipango yote. Usimpe amri ya "punguza mafuta" ukaondoka. Pika naye mara mbili tatu, muonyeshe kijiko, muulize yeye anaonaje, na muhimu kuliko yote usimlaumu dada mtoto akiacha chakula. Dada wengi wanamlazimisha mtoto amalize kwa sababu wakirudi wazazi swali la kwanza ni "amekula? kamaliza?". Badilisha swali, uliza "leo alikula nini?".

Bibi ni mtihani mwingine. Kwake yeye mjukuu mnene ndio mjukuu anayetunzwa, na mtu akikonda majirani wanaanza kusema ndoa imeshindikana au kuna ugonjwa unafichwa. Hofu hiyo imetoka kwenye maisha waliyopitia, usiicheke. Akisema "mbona mtoto kakonda hivi, mnampa chakula kweli?" usianze kumfundisha lishe. Mwambie hivi: "Shikamoo mama. Anakula vizuri mama, na kliniki wamempima wamesema anakua vizuri. Ila nina ombi, wanapenda sana vitumbua vyako, naomba wakija wapate viwili viwili na chai, soda tuwawekee Jumapili. Na tembele lako lile la nazi naomba umfundishe dada, mimi silipatii." Hapo umempa kazi na heshima yake, na bibi akishakuwa upande wako nyumba nzima imekaa sawa.

Hatua ya 9: sikukuu na mfungo

Harusi, Idi, Krismasi, kuleni mfurahi, siku moja haimnenepeshi mtu. Wiki ya viporo vya pilau baada ya sikukuu ndiyo inanenepesha, kwa hiyo wageni wakiondoka wafungashie. Ramadhani watu wengine wanaongezeka uzito kwa sababu futari ina sambusa, kaimati, viazi, tambi za sukari na juisi vyote kwa mpigo. Fungua kwa tende na maji, uji au supu, kasali, ukirudi kula mlo mmoja kamili. Vya kukaanga kiwe kimoja kwa siku, leo sambusa kesho bagia.

Hatua ya 10: pima tena na ujue lini uende hospitali

Baada ya mwezi angalia dumu, kilo ya sukari na uzi. Mtu mzima akipungua nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, anayetaka haraka zaidi atarudi palepale. Chai za kupunguza tumbo na vidonge vya mtandaoni achana navyo, na mtoto usimpe kabisa hata kwa kumuonjesha. Kwa mtoto mara nyingi hatutafuti kilo zishuke, tunataka zisimame huku urefu unaongezeka, na hilo linachukua miezi mingi, usimpime kila wiki.

Nenda hospitali au kituo cha afya bila kusubiri mwezi kama mtoto ana kiu sana na kukojoa mara nyingi au ameanza tena kukojoa kitandani, hasa kama anapungua huku anakula. Pia kama shingo au kwapa zimekuwa nyeusi na ngozi nene isiyotoka kwa kusugua, hiyo sio uchafu, inaweza kuwa dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia vizuri insulini, homoni inayousaidia mwili kutumia sukari. Anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini apelekwe, na mnene ambaye wakati huohuo ni mfupi kuliko wenzake na haongezeki urefu apelekwe pia, hapo inaweza kuwa homoni na wala sio chakula. Ukienda beba kadi ya kliniki na lile daftari, daktari au mtu wa lishe akiona wiki nzima ya mlo iliyoandikwa vizuri ataanza na wewe mbali zaidi kuliko ukimwambia tu "anakula kawaida".